Mti Unaovuliwa Nguo na Usife: Miaka 20 ya Lubugo Mbele ya Dunia

Kwetu Buganguzi, wilayani Muleba, pembezoni mwa kibanja cha familia umesimama mtoma mmoja mnene. Kahawa iliyo chini ya kivuli chake imepandwa, ikazeeka, ikang'olewa na kupandwa nyingine. Migomba imezaa na kuachiana nafasi kizazi baada ya kizazi. Nyumba ya nyasi imekuwa ya mabati. Mtoma upo palepale. Babu alikuwa akituambia kwamba mti ule ndio uliokuwa kabati la nguo la wazee wake. Sisi watoto tulicheka, kwa kuwa tulijua kabati ni la mbao na lina milango. Ilinibidi nivuke mpaka wa Mutukula na kufika upande wa Masaka, nchini Uganda, nikiwa mtu mzima, ndipo nikaelewa kwamba babu alisema kweli tupu.

Nguo iliyotoka katika mti huo Waganda huiita lubugo, na sisi Wahaya tunaiita kwa jina hilohilo kwa matamshi yetu. Ni gome la ndani la mti, lililogongwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini na pana kama shuka. Mti wenyewe Waganda huuita mutuba, na wataalamu wa mimea Ficus natalensis. Tarehe 25 Novemba 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Buganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi huo. Novemba 2025 ilitimia miaka 20 tangu tangazo lile. Nimeandika historia hii fupi kwa heshima ya miaka hiyo, na kwa heshima ya watu walioubeba ufundi huu kabla dunia haijaujua.

Ukoo wa fisi maji

Kila nyumba kubwa ya mavazi duniani ina mahali ilipoanzia na familia iliyoianzisha. Nyumba ya lubugo imeanzia katika ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji. Katika Buganda, kama ilivyo kwetu Uhayani, kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho watu wake hawakili na ambacho kwacho hutambuana. Bahinda waliotawala kwetu mwiko wao ni tumbili. Watu wa fisi maji walipewa kazi ya kumvisha mfalme. Mkuu wa mafundi wao huitwa Kaboggoza, cheo cha kurithi, na makao yake yako Nsangwa, Mawokota, katika wilaya ya Mpigi. Kaboggoza na mafundi wake walitengeneza nguo za Kabaka, yaani mfalme, na za jamaa ya kifalme, na ufundi huo ukaenea mpaka ikafika siku karibu kila kijiji cha Buganda kina banda la kugongea magome.

Mapokeo ya Buganda yanasimulia kwamba Kabaka Semakookiro, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 18, aliwaamuru raia wake wapande mituba na kutengeneza lubugo. Tangu hapo nguo ya magome ikawa vazi la watu wote: mwanamume aliifunga begani, mwanamke akaizungusha mwilini na kujifunga mshipi kiunoni. Lubugo la kawaida lina rangi ya udongo wa matofali. La wafalme na wakuu lilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, na likavaliwa kwa namna yake, ili mtu akimwona mwenye cheo kwa mbali amtambue kabla ya kuambiwa jina.

Nguo hiyo haikuishia Buganda. Falme zetu za upande huu wa ziwa, Kiziba, Karagwe, Kihanja, Ihangiro na nyinginezo, zilihusiana na Buganda kwa biashara, kwa ndoa na kwa vita. Kabla pamba haijafika, wazee wetu walivaa ngozi, walivaa nyasi zilizofumwa, na walivaa magome ya mtoma. Ndiyo maana jina la nguo limebaki katika lugha yetu hata baada ya nguo yenyewe kutoweka miilini mwetu.

Kuvua na kufunga jeraha

Fundi niliyemwona upande wa Masaka alianza kazi wakati wa mvua, kwa sababu ndipo utomvu unapopanda na gome kulegea. Alikwangua kwanza ganda gumu la nje, kwa uangalifu, kama mtu anayemenya kitu asichotaka kukipotezea nyama. Kisha akakata mzingo mmoja chini karibu na mizizi, akapanda ngazi na kukata mwingine juu karibu na matawi, halafu akapasua mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Hakutumia chuma kulibandua. Alichonga kabari kutoka katika mgomba, laini lakini yenye ncha, akaisukuma polepole kati ya gome na shina. Gome likaachia likiwa zima, likabaki mikononi mwake limebonyea kama ngozi ya mnyama.

Nilitegemea kumwona akikimbilia bandani, kwa sababu gome likikauka kabla ya kugongwa limeharibika. Hakufanya hivyo. Aliliweka kivulini, akakata majani mabichi ya mgomba, akaanza kulifunga shina lililobaki uchi. Alilizungushia majani toka chini mpaka juu, akalikaza kwa kamba za mgomba, mpaka mti ukafanana na mtu aliyevunjika mguu akafungwa na mganga wa viungo. Baada ya siku kadhaa hufunguliwa, na gome jipya huwa limeanza kuota. Mwaka unaofuata mti huvuliwa tena. Gome la kwanza ni gumu na zito, la pili ni afadhali, na yanayofuata huwa bora zaidi. Mti mmoja ukitunzwa hivyo huvisha watu kwa miongo kadhaa. Nimeyafikiri majani yale ya mgomba mara nyingi kuliko nilivyoifikiri nguo yenyewe, na nitayarudia.

Bandani, ambalo lina paa lakini halina kuta ili jua lisiliunguze gome nao upepo upite kwa kiasi, kuna gogo refu lililolala chini. Gome hupitishwa kwanza kwenye moto au mvuke ili lilainike, kisha hutandazwa juu ya gogo. Kugonga huku Waganda hukuita kukomaga, na fundi wake ni mukomazi. Nyundo ni za mti mgumu, za mviringo, na kichwa chake kimechongwa mifuo kuzunguka. Zinatumika kwa zamu: kwanza yenye mifuo mipana inayovunja nyuzi na kulitanua gome, kisha ya wastani, mwisho yenye mifuo myembamba inayolainisha. Mafundi wawili au watatu wakikaa kwenye gogo moja hupokezana mapigo, na mlio wake husikika mbali. Gome lililokuwa jembamba kama mkanda hupanuka mara kadhaa ya upana wake. Hukunjwa, hugongwa likiwa limekunjwa, hukunjuliwa, hugongwa tena. Baadaye huanikwa juani, na ni jua ndilo linaloligeuza kutoka rangi iliyopauka kuwa nyekundu ya udongo.

Hakuna uzi uliofumwa hapo, wala kitanzi. UNESCO yenyewe ilieleza kwamba mbinu hii ni ya kale kuliko ufumaji.

Saini ya fundi

Mwaka 1862 John Hanning Speke alifika Buganda akitokea kwetu Karagwe, ambako Mukama Rumanyika alikuwa amemkaribisha tangu mwishoni mwa 1861. Katika jumba la Kabaka Mutesa aliwakuta watu wa baraza wamevaa nguo za magome zilizonyooka kana kwamba zimetiwa wanga, akazifananisha na kodrai, kitambaa chenye mistari iliyoinuka. Aliona pia kwamba kuonyesha miguu mitupu mbele ya mfalme lilikuwa kosa kubwa. Jicho la mgeni yule lilitua mahali penyewe. Mistari aliyoiona ni alama ya mifuo ya nyundo. Ndiyo saini ya lubugo.

Wajuzi wa mavazi ya kifahari watanielewa nikiitaja hapa nyumba moja ya Italia. Mwaka 1966 Michele Taddei na Renzo Zengiaro walianzisha mjini Vicenza, katika mkoa wa Veneto, nyumba ya mikoba ya ngozi iitwayo Bottega Veneta. Husimuliwa kwamba cherehani walizokuwa nazo zilifaa vitambaa kuliko ngozi nene, kwa hiyo walitumia ngozi nyembamba, na ili iwe imara wakaikata vipande vyembamba na kuvisuka kama ukili wa mkeka. Mtindo huo, intrecciato, ulizaliwa mwaka 1975. Mikoba yao haikubandikwa herufi kubwa za jina la kampuni. Tangazo lao liliwaambia wateja kwamba herufi za majina yao wenyewe zinatosha. Baadaye nyumba hiyo ikayumba, ikajaribu kujinadi kwa nembo kama wengine. Iliponunuliwa na Gucci Group mwaka 2001, mbunifu Tomas Maier aliyekabidhiwa kazi aliondoa nembo na kuurudisha msuko. Mwaka 2006 ikafunguliwa shule ya kuwafundisha vijana kushona ngozi, kwa maana wazee wenye mikono walikuwa wanapungua.

Naitaja nyumba hiyo kwa sababu imejifunza kwa miongo michache jambo ambalo ukoo wa Ngonge umelishika kwa karne nyingi. Alama ya kweli ya nyumba ya ufundi ni njia yake ya kufanya kazi. Nembo hunakiliwa kwa siku moja, mkono huhitaji miaka. Lubugo halina lebo nyuma ya shingo. Anayelijua hulishika, hulitazama mwangani, hupitisha kidole juu ya mistari, akajua kama nyundo ya mwisho ilitumika kwa subira au kwa haraka. Hutazama pia viraka. Pale tawi lilipochipua, gome hubaki na tundu. Fundi hulikata vizuri na kushonea kipande cha lubugo hilohilo kwa mishono midogo iliyo sawa. Hakifichi kiraka. Kinabaki kikionekana, kwa kuwa kinaeleza umbo la mti ulikotoka.

Wakati wa kuvuliwa

Nguo hii imepata majeraha matatu makubwa.

La kwanza ni pamba. Misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilileta vitambaa katika karne ya 19, na wakubwa wa ikulu wakawa wa kwanza kuvipenda. Ukoloni ulipoingia, pamba ikawa zao la biashara Uganda kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kanzu ikawa vazi la mwanamume Mganda, na gomesi la mwanamke, ingawa mshipi mpana unaofungwa kiunoni juu ya gomesi bado unanikumbusha jinsi lubugo lilivyofungwa. Kwetu Bukoba kahawa ilileta fedha, na fedha ikaleta vitambaa vya dukani. Kijana aliyevaa magome akaonekana mshamba.

La pili ni shaka ya kidini. Lubugo lilikuwa pia nguo ya maziko, ya kurithisha na ya kuwaendea mizimu. Kwa hiyo waumini wengi wa dini mpya waliliona kuwa nguo ya ushirikina, wakaogopa hata kuwa nalo ndani ya nyumba.

La tatu ni siasa. Mwaka uleule wa 1966 ambao Bottega Veneta ilifungua milango Vicenza, tarehe 24 Mei, majeshi ya serikali ya Milton Obote yalishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na katiba ya 1967 ikazifuta falme zote za Uganda. Ukoo uliokuwa na kazi ya kumvisha mfalme ukabaki bila mfalme wa kumvisha. Mutesa II alifia London Novemba 1969, na mwili wake ukarudishwa na kuzikwa Kasubi mwaka 1971.

Hata hivyo watu waliendelea kufa, na waliobaki waliendelea kurithi. Katika mila ya Kiganda maiti huviringishwa lubugo, na mrithi anapotambulishwa mbele ya ukoo hufungwa lubugo begani. Huko misibani, mbali na macho ya serikali, ndiko ufundi ulikojificha. Mwenye msiba alihitaji nguo, fundi akapata sababu ya kushika nyundo. Nayachukulia yale maziko kuwa majani ya mgomba: yalilifunga shina lililovuliwa mpaka gome likaota tena.

Gome jipya

Tarehe 31 Julai 1993, Naggalabi, Buddo, Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa kuwa Kabaka akiwa amefungwa lubugo. Ilikuwa miaka 26 tangu katiba izifute falme. Mafundi wa kumvisha walikuwepo.

Baada ya tangazo la 2005, mradi wa kuulinda ufundi uliwakutanisha vijana na wazee, ukapanda miti, ukatafuta matumizi mapya. Venny Nakazibwe wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika tasnifu ya udaktari, iliyokamilika mwaka huohuo wa 2005, juu ya historia ya nguo hii tangu karne ya 18. Mary Barongo na Oliver Heintz walianzisha kampuni Ujerumani inayonunua magome kwa wakulima wa Uganda na kuyapeleka kwenye mapambo ya nyumba na kazi za usanifu. Mbunifu José Hendo, aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi London, ameshona magauni na makoti ya lubugo yaliyopanda majukwaa ya mitindo. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na ukumbi wake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venezia, mji ulio katika mkoa uleule wa Veneto, na ukumbi huo ukapewa tuzo ya kutajwa kipekee. Miongoni mwa kazi zilizotundikwa humo zilikuwamo za Acaye Kerunen, zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya nyumbani. Waitaliano, mabingwa wa kusuka ngozi, walisimama kutazama misuko ya Afrika Mashariki.

Majaribu hayakuisha. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme huko Kasubi. Ndani yake pazia la lubugo lilitenga wageni na sehemu takatifu walikolala Makabaka wanne. Pazia liliungua pamoja na nyumba. UNESCO ikaiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuiondoa mpaka Septemba 2023, baada ya ujenzi mrefu wa kutumia nyasi, matete na mbinu za kale. Nyumba iliyoungua inaweza kujengwa tena ikiwa wapo watu wanaojua ilivyojengwa. Hilo ndilo ambalo ufundi hulinda.

Sisi wa upande huu

Kila nikisimama chini ya mtoma wa babu najiuliza swali ambalo si la Waganda, ni letu. Kagera ina watu wanaojivunia ufundi. Tumesikia jinsi watafiti walivyoonyesha kwamba wahunzi wa kale wa ukanda huu wa ziwa walifua chuma cha hali ya juu, na tunafurahi kulisikia. Lakini ufundi unaosimuliwa tu bila kushikwa mkononi ni shina lililovuliwa na kuachwa bila kufungwa. Mitoma bado imo katika vibanja vyetu. Inatoa kivuli kwa kahawa, inatoa mbolea ya majani, wengine huitumia kuonyesha mpaka. Ile kazi yake kubwa, ya kutuvisha, imesahauliwa. Pale Buganguzi mimi sijawahi kusikia mlio wa nyundo ya magome.

Kuna jambo linalonipa tumaini. Kutoka Masaka mpaka Mutukula ni safari ya saa chache, na kutoka Mutukula mpaka Bukoba vivyo hivyo. Mafundi wapo hai jirani zetu, na lugha zao na zetu ni ndugu. Kijana wa Muleba akikaa nao misimu miwili ya mvua hatahitaji mkalimani. Nguo atakayorudi nayo haitakuwa ya kigeni kwetu. Na kile cha kufungia jeraha la mti hakuna nchi iliyojaliwa kuwa nacho kwa wingi kuliko nchi ya Wahaya, kwa maana majani ya mgomba yako mlangoni pa kila nyumba.

Mtoma haupandwi kwa mbegu kama kahawa. Hukatwa tawi nene, likachomekwa katika udongo wenye unyevu, likaota mizizi. Masika iliyopita nilipanda ngazi nikakata matawi matatu ya mtoma wa babu na kuyachomeka kando ya njia inayoelekea kisimani. Mawili yameshika. Itapita miaka kadhaa kabla shina halijanenepa kiasi cha kuvuliwa, na gome la kwanza litakuwa gumu, kama yalivyo magome yote ya kwanza. La pili litakuwa afadhali. Wanangu wameshaanza kuuliza kwa nini nimeizungushia uzio miti isiyozaa matunda. Nimewaambia kwamba ni kabati la nguo.